Wezi wa Kisumu Ndogo

Juzi nilimwona mama mgeni mjini, ameukumbatia mkoba kwa mikono miwili, nikacheka. Nilipokuwa mtoto, mimi na mama tulifika Kisumu Ndogo, mtaa wa Kibera, hivyo hivyo, kumtembelea shangazi. Nyanya alituonya kwamba Nairobi ni wezi watupu.

Tulipovuka reli, katikati ya harufu ya dagaa wa omena, wanawake wawili walitujia mbio. Mmoja akachukua kikapu, mwingine akamtoa mdogo wangu Atieno mgongoni mwa mama. Nikapiga mayowe. Mama alicheka tu, nikadhani hofu imemtia wazimu.

"Nyamaza, mwanangu," wa kikapu akaniambia. "Shangazi yako anasonga ugali. Hapa mgeni wa jirani habebi mzigo."

Atieno alirudishwa jioni, ameshiba, amelala. Mpaka leo huniambia, "Mwizi wangu amepiga simu, anakusalimia."