Taa za Pikapu ya Baba

Mwezi uliopita gari langu lilizimika karibu na Kombewa. Kijana wa gereji alichomeka kimashine chini ya usukani, akasoma kwenye kioo chake, akaniambia kilichoharibika. Hakugusa waya hata mmoja. Nilimshukuru, lakini, rafiki yangu, moyo ulikuwa umesharudi kwenye pikapu ya baba.

Baba aliinunua kwa mzungu mmoja wa Milimani aliyekuwa akirudi kwao baada ya uhuru. Nyaya zake zilikuwa za kufungwa kwa kitambaa, na unyevu wa ziwa ulikuwa umezila. Jumamosi, mama akikaanga samaki aina ya ngege na ua mzima ukinukia nyanya na moshi wa kuni, baba alikuwa chini ya usukani akitafuta hitilafu. Alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Mmoja aliubana kwenye bodi ya gari, wa pili ukagusishwa kiungo kimoja baada ya kingine. Ikiwaka, umeme umefika hapo.

Aliyegusisha waya huo ni dada yangu mdogo. Alikuwa na jina la nyanya, aliyemzaa baba, kwa hiyo baba alimwita Mama, kama ilivyo desturi yetu.

"Mama, umeme umefika?"

"Bado, mwanangu. Vumilia."

Wakacheka wote wawili. Mimi, mtoto wa kwanza, tena wa sekondari, nilishika bakuli la skrubu.

Kisha fyuzi ya taa ikaanza kuungua kila taa zikiwashwa. Dada alisema kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, wautafute. Walipoingia kula, nikaizungushia fyuzi ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Taa zikawaka. Nilijua fyuzi huungua ili waya usiungue, mwalimu alitufundisha. Nilitaka tu ziwake mbele ya baba.

"Kumbe na wewe unaweza," alisema.

Jumatatu alinikalisha mbele, nyuma akapakia akina mama na vikapu vyao vya omena, dagaa wa ziwani, kwenda Kisumu. Njiani mvua kubwa ikashuka, akawasha taa. Hatukufika mbali kabla moshi haujajaa chumba cha dereva. Baba aliung'oa waya wa betri kwa mikono mitupu, akaungua kiganja.

"Baba, omena hukaushwa kwa jua," mama mmoja alisema kutoka nyuma, "si kwa moshi wa gari."

Wenzake wakacheka. Baba hakucheka. Nikamwambia ni mimi. Hakunigombeza. Nyumbani aliichomoa ile karatasi iliyoungua, akampa dada aiangalie, si mimi.

"Mama, tuanze upya," akasema.

Walitandika nyaya mpya kwa wiki nyingi, na sikuitwa hata kushika bakuli. Baadaye dada aliolewa Pap Onditi. Taa zikisumbua, baba aliiendesha pikapu hadi huko mchana, ingawa mimi nilikuwa nyumbani, nimekaa tu.

Wote wawili wameshazikwa. Pikapu ilikatwakatwa na watengenezaji wa majiko. Ningependa kukuambia kwamba wivu nao umezikwa. Lakini Jumapili nikipita ufukweni wanakooshea magari, nikamwona mwanamume akisugua mlango huku binti yake akimshikia ndoo, hugeuza uso na kuharakisha hatua.