Gia ya Meno Mia Moja Ishirini na Saba

Mama Milimita, mkereza vyuma, alikuwa na miaka ishirini na mbili kwenye mashine moja, na sasa gia moja tu ilitaka kumtoa kazini. Ndiyo gia ya kukatia hesi za boliti, ile mikato ya kuzunguka inayoshika nati. Ilivunjika, na viwandani haitengenezwi tena. Meneja, mtu wa kusema mara moja tu, alishatoa hukumu: Ijumaa lori la chuma chakavu linabeba mashine, na Mama Milimita anahamia stoo kufagia.

"Nitaichonga mwenyewe," akasema.

Shida ilikuwa meno. Yalikuwa mia moja ishirini na saba, na ili yalingane fundi hufuata sahani ya chuma yenye miduara ya matundu: anachagua mduara unaogawanyika vizuri, anahesabu matundu, anakata. Akaigawa namba yake kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja. Kila mara kinabaki kitu. Hapo akaacha, maana kumi na tatu mara kumi na tatu imeshaipita. Namba tasa, basi: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Zile ndogo, kumi na saba, kumi na tisa, zilikuwa na miduara yake kwenye sahani. Hii kubwa ilitaka wa kwake peke yake, na hakuna aliyewahi kuutoboa.

Shemeji yake, fundi wa kuchomelea, alicheka mpaka akavua miwani. "Shemeji, weka mia moja ishirini na sita, yaishe. Nani atakaa kuhesabu?"

"Nati itahesabu. Itaingia hesi mbili tatu, halafu igome."

"Haya, endelea na kichwa chako kigumu."

Akaendelea nacho. Jumanne alishikwa na hasira, akaitupa penseli. Jumatano, akipima ukanda wa bati kwa kazi nyingine kabisa, akasimama ghafla. Mduara ndio uliomkatalia! Mstari ulionyooka haujali namba ni tasa au si tasa: unapima, unatoboa, unasogea.

Akautoboa ukanda matundu mia moja ishirini na nane. Akachonga gurudumu la mbao, akalipiga tupa kidogo kidogo hadi ukanda ukalizunguka na tundu la mwisho likalalia la kwanza, yakabaki mia moja ishirini na saba. Mduara alionyimwa na sahani akawa nao.

Ijumaa alikuwa kwenye jino la mia moja na kumi lori lilipoingia uani. Dereva akashuka na minyororo. Meneja akasimama mlangoni akitazama saa. Mama Milimita hakugeuka. Aliogopa, tena sana, kwa sababu makosa yote madogo hujikusanya kwenye jino la mwisho, likatoka nene au jembamba. Alipolifikia, akalikata. Akalipima. Akalipima tena. Lilikuwa sawa na la kwanza.

Akaifunga gia, akakata boliti moja, akampa meneja pamoja na nati. Meneja akaizungusha nati kwa vidole viwili, ikashuka yote.

Akatoka kuongea na dereva, na minyororo ikasikika ikirudishwa garini. Mama Milimita akakaa juu ya ndoo, akalia kwa sauti mbele ya watu wote.

"Sasa unalia nini, Shemeji, na umeshinda?"

"Niache," akasema. "Machozi haya nilikuwa nimeyaweka ya kulilia stoo. Niyapeleke wapi?"