Siku Babu Aliposema "Simamisha"

Siku ya kwanza Babu kuingia kazini, Mkuu wa Marubani alimpokea mlangoni mwa ndege. Babu akainamisha kichwa, akasema shikamoo.

"Marahaba," mkuu akajibu. "Hiyo ndiyo ya mwisho. Ukiingia humu ndani shikamoo unaiacha nje. Ukiona jambo unalisema, hata kama kapteni ana umri wa baba yako."

Babu alikuwa ametoka Lupiro, kwa watu ambao mtoto hamkatizi mkubwa hata kama nyumba inaungua. Aliitikia ndiyo, ila anasema hakuelewa.

Mimi nisingeelewa hata kidogo. Nipo kidato cha tatu, na darasani hata nikijua jibu nakaa kimya. Halafu kuna jambo nimelibeba tangu mpunga haujakatwa: Babu haoni vizuri upande wa kushoto. Kikombe kikiwa kushoto anakipapasa. Na kila Jumamosi ananipakia kwenye pikipiki yake kwenda shambani. Tangu Bibi afariki, pikipiki ndiyo furaha yake. Nani amwambie rubani kwamba haoni?

Babu alianza kama rubani msaidizi, yaani yule anayekaa kulia. Alipangiwa safari za Mtwara, kisha Dodoma, kisha Mwanza, ambako aliwekwa chini ya kapteni mmoja wa maneno machache ambaye wasaidizi wote walimwogopa. Ndege inapokimbia ili ipae, Babu anasema, kapteni anatazama njia, msaidizi anatazama vipimo. Kuna kasi wanayoiita kasi ya uamuzi. Kabla ya kuifikia unaweza kusimama. Ukiipita, hata kukiwa na tatizo unapaa nalo, maana njia iliyobaki haitoshi kusimamia.

Asubuhi moja wakitoka Mwanza, walikuwa wamechelewa na kapteni amenuna. Ndege ikashika kasi. Ghafla taa ya njano ikawaka: mlango wa mizigo haujafungwa. Kapteni macho yalikuwa mbele, hakuiona.

"Nilimeza mate, Fausta," Babu aliniambia siku moja tukianika mpunga. "Nikawaza, labda ameiona. Labda anajua kuliko mimi. Na mshale wa kasi unapanda."

"Ukafanyaje?"

"Nikasema, taa ya mlango, simamisha. Hakuuliza kitu. Akakata nguvu, akakanyaga breki."

Abiria walirushwa mbele, mikanda ikawazuia, watoto wakalia. Ndege ikasimama. Fundi alipokagua, mlango ulikuwa umefungwa sawasawa. Ni waya wa taa tu uliolegea. Lakini breki zilikuwa zimepata moto, ikabidi zipoe na zikaguliwe, safari ikasogezwa hadi jioni.

Abiria mmoja, mfanyabiashara mwenye kofia ya kufuma, akamfuata Babu chini ya bawa.

"Kijana, mama yangu anazikwa Bagamoyo alasiri hii."

"Pole sana, mzee wangu."

"Nimkose mama yangu kwa sababu ya taa?"

"Ndiyo, mzee. Kwa sababu ya taa."

Yule mzee akakaa juu ya begi lake. Babu anasema hilo lilimwelemea kuliko utani wa wenzake, waliompa jina la Bwana Taa. "Bwana Taa, kwako leo umeme upo?" walimwuliza kila walipokutana.

Jioni Mkuu wa Kituo alitaka kumbadilisha msaidizi. Kapteni akakataa. "Niachieni huyuhuyu. Wengine wananionea haya." Kisha akamgeukia Babu. "Ulichelewa kusema. Lakini njia bado ilikuwepo."

Babu mwenyewe alikuja kuwa kapteni, akastaafu, akarudi huku kulima. Nilimwuliza kama anajutia. Aligeuza mpunga kwanza, taratibu.

"Pole niliyompa yule mzee ilitoka moyoni, na bado namkumbuka. Lakini taa ikiwaka tena, nasema tena. Huwezi kujua ipi ni ya uongo mpaka usimame."

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunakaribia daraja la Kivukoni. Kushoto kwetu alikuwepo mtu wa baiskeli mwenye tenga la samaki. Babu akazidi kumsogelea, mpaka yule mtu akatumbukia majanini na baiskeli yake, akatutukana.

"Anamtukana nani yule?" Babu akauliza, bila kupunguza mwendo.

Daraja likawa mbele yetu, na lori linakuja. Nikameza mate.

"Simamisha, Babu."

Akasimamisha papo hapo. Aliuliza tulipokuwa tumeshatulia kando ya barabara. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Wewe ndiye huoni. Upande wa kushoto."

"Tangu lini?"

"Tangu mpunga haujakatwa."

Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Lori likapita. Nilijua nimemnyang'anya kitu, na sikuwa na cha kumpa badala yake. Mwishowe akachomoa ufunguo, akauweka kiganjani mwangu.

"Umechelewa kusema," akasema. "Lakini njia bado ipo."

Tukageuza pikipiki, tukaanza kuisukuma kurudi nyumbani, yeye kulia, mimi kushoto. Kijana mmoja wa bodaboda akapunguza mwendo.

"Shikamoo, mzee. Mafuta yamekata?"

"Marahaba. Mafuta yapo," Babu akajibu. "Msaidizi wangu ndiye kanisimamisha."