Nyayo Chini ya Mkuyu wa Verdiana

Ilikuwa mwaka 2019. Hapana, nijisahihishe: 2019 ndio mwaka mvua ilinyesha mpaka mihogo ikaoza ardhini, na hakuna mtu aliyeweza kutembea mbali. Habari hii ya Mzee Mwikwabe ni ya 2021, mwaka ambao vuli ilikuja kwa kusuasua, leo mvua, kesho jua la kupasua vichwa.

Mwikwabe alikuwa mtu wa Kemambo, Tarime. Shule aliishia darasa la nne. Akachunga ng'ombe wa baba yake, akaoa, akalima mihogo na ulezi, akazika mke. Maisha kama ya watu wengine. Kilichomtenga na wenzake ni miguu yake. Vuli ikigusa tu ardhi, alivaa katambuga, akashika fimbo na kibuyu cha maziwa ya mgando, akavuka daraja la mto Mara, akapita Kenyamonta, akaenda hadi Issenye kisha akarudi, akilala kwa watu anaofahamiana nao. Hakuwa na cha kuuza wala cha kununua. Alikwenda kuangalia maua.

Si maua ya kupandwa mlangoni. Ni yale yanayoota juu ya miti, mizizi imeshika gome, udongo haiujui. Padri mmoja aliwahi kumwambia yanaitwa okidi. Yako meupe madogo kando ya mito, jua likizama yananukia vizuri. Lakini aliyoyapenda kuliko yote ni ya njano yenye madoa ya kahawia, akayaita maua ya chui. Aliyajua tangu akichunga. Kwao Kemambo yalikuwapo kwenye mti mmoja tu, naye kwa furaha akawaonyesha majirani. Wiki haikwisha, mtu akayang'oa yote akaenda kuyauza Sirari, eti dawa ya mgongo. Tangu siku hiyo Mwikwabe akiyaona mahali, alifunga mdomo.

Binti yake Regina hakumwelewa.

"Baba, huko Serengeti unafuata nini? Watu watasema umeweka mke mdogo."

"Waseme. Mke mdogo si angenipikia? Mbona narudi nimekonda?"

"Na siku wakikukamata?"

"Mtu anayeangalia juu wanamkamatia nini?"

Basi mwaka huo, kwa kadiri alivyojua, maua ya chui yalikuwa yamebaki kwenye mti mmoja: mkuyu mkubwa kando ya kijito, pale shamba la mahindi linapokutana na kipande cha msitu, mbele kidogo ya Kenyamonta. Shamba ni la mama mmoja mjane, Verdiana. Mwikwabe alifika asubuhi, udongo bado laini kwa mvua ya usiku. Akainua kichwa. Yalikuwa yamechanua, mashada kwa mashada, yote kwenye tawi moja nene. Akauzunguka mti, akarudi nyuma, akauzunguka tena, kama mtu anayekagua fahali mnadani. Akaridhika, akaendelea na njia yake.

Hakujua kwamba usiku ule ule kuna zizi lilikuwa limevunjwa.

Watu wa huku ng'ombe wakiibwa hawaanzi na polisi, wanaanza na nyayo. Wenye mali hufuata kwato kutoka zizini, kijiji hadi kijiji, na kila kijiji lazima kiwaonyeshe zilipotoka kwenda mbele. Zikipotelea kwenu, ng'ombe wako kwenu, na mtalipa wote, mwenye hatia na asiye nayo. Sasa kwato hizi zilipotelea kijitoni, karibu na mkuyu wa Verdiana. Vijana wa kijiji, waliopata habari kabla wenye mali hawajafika, wakatafuta huku na huku kwa hofu, wasizione tena. Walichokiona ni katambuga. Na katambuga za Mwikwabe hazikuwa pacha: ya kushoto ilikatwa kwenye tairi la lori, ya kulia kwenye tairi la pikipiki. Alama kama hiyo hata mtoto angeifuata.

Walimkuta ameketi juu ya jiwe, anakunywa maziwa yake. Yowe lilitangulia, kisha bodaboda, kisha watu wenye fimbo na mapanga. Hakuna aliyemwamkia shikamoo. Hapo ndipo alipojua mambo yameharibika.

"Inua mguu," alisema Waitara, kamanda wa sungusungu. Mwikwabe akainua. "Na huu." Akainua. Waitara akawageukia wenzake. "Ndiye."

"Ndiye nani, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu. Mimi sikuzaliwa na mwizi."

Wakamrudisha hadi kwenye uwanja wa kijiji, ambako mkutano wa ukoo, iritongo, ulikuwa tayari umekaa. Wanaume walikuwa mbele na wanawake nyuma. Wenye ng'ombe walitarajiwa jioni, na kila uso ulimtazama kama mtu anayetazama njia ya kutokea.

"Mtu wa Tarime anayetembea bila ng'ombe," mmoja akapaza sauti, "anatafuta ng'ombe!"

Wakacheka, lakini kicheko hakikuwa na raha.

"Ulikuwa unazunguka mkuyu," Waitara alisema. "Umezunguka mpaka umetengeneza njia. Ulikuwa unamngoja nani?"

"Sikumngoja mtu. Nilikuwa naangalia maua."

"Maua!" Waitara akapiga paja. "Mzee mzima, mvi mpaka masikioni, unatoka Tarime kwa miguu kuja kuangalia maua! Una mchumba?"

"Ni mchawi huyo!" akapiga kelele mwanamke. Alikuwa Verdiana mwenyewe. "Juu ya mti wangu umeweka nini?"

"Sikuweka kitu, mama. Yameota yenyewe."

"Basi tuonyeshe. Au nikuachie vijana?" Waitara akauliza.

Mwikwabe alizitazama fimbo. Alilikumbuka soko la Sirari. Kunyamaza kungemwokoa nani? Maua yasingejua, na Regina angeletewa maiti. Akainuka akashika njia, umati nyuma yake, mtu akimsukuma mgongoni kila alipopunguza mwendo.

Chini ya mkuyu akanyoosha fimbo juu. Watu wakatazama. Hata Waitara alikuwa ameacha mdomo wazi. Kumbe wengi wao walizaliwa pale, na hawakuwahi kuinua kichwa.

Mzee Tomaso, aliyekuwa fundi wa nyayo kuliko wote kijijini, yeye hakutazama juu. Aliinama, akapima alama kwa kiganja.

"Mura," alimwita Waitara, yaani kijana, "anayengojea wezi hutazama njia, vidole vinazama. Huyu visigino ndivyo vimezama, tena pande zote za mti. Alikuwa ametazama juu. Mzee hasemi uongo."

"Sawa, hakuiba," Waitara alisema, bila kumtazama Mwikwabe. "Na wenye ng'ombe wakija tuwaambie nini? Kwamba kwetu kuna kitu kinawasimamisha wageni karibu na mazizi? Leo mzee mkweli, kesho mwizi mwenye kisingizio hicho hicho."

"Mti ni wangu," Verdiana alidakia. "Likateni hilo tawi."

"Mama, nakuomba. Hayali mahindi yako. Wala mti hayaunyonyi."

"Yamekula jina langu! Jioni wakisema nyayo zimepotelea kwa Verdiana, wewe utakuwapo?"

Kijana mmoja akapanda na panga. Tawi lilikuwa gumu, likachukua muda, na muda wote huo mzee alisimama pale pale, visigino vikizama. Likaanguka na maua yake yote. Verdiana akayang'oa kwa mikono miwili, akayatupa kijitoni, akaanza kulipasua tawi liwe kuni.

Waitara akamrudishia kibuyu chake. Kilikuwa kitupu.

"Haya, tata, baba yangu, uko huru. Hatuna neno na wewe. Hata mwakani pita, hakuna atakayekugusa."

Mwikwabe alikipokea, akageuza uso juu, pale lilipokuwapo tawi. Kisha akawatazama mmoja mmoja: Waitara, Tomaso, Verdiana na kuni zake.

"Nashukuru," alisema. "Na mwakani nikipita, nisimame hapa niangalie nini?"