Siku Tulipogawa Dagaa wa Shangazi

Siku ile tulikuwepo mimi Dafroza. Mdogo wangu Evariste, miaka kumi na minne. Yolanda, kitindamimba wetu, miaka tisa. Shangazi Konsolata, aliyekuja na gari lake kutoka Missouri City, karibu na Houston. Bibi Wanda wa jikoni. Na mzee mmoja mrefu mwenye kofia pana, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti na kutania watu. Ukumbi ulijaa wengine wengi, lakini hao sita ndio waliosababisha mambo.

Ninyi Warundi wenzangu mliokulia kwenye yale maghorofa yetu ya Grand Prairie, jirani na Dallas, mtakumbuka enzi zile, mwaka 2018 hivi. Makoti ya msaada yalikuwa na mikono inayofika magotini. Mpira tulichezea kwenye maegesho, goli moja pipa la taka na jingine gari bovu la yule Mkongo wa chini, na meneja akitokea tulitawanyika kama vifaranga. Piza ya shule tuliibandua jibini kwanza, tukidhani imeharibika. Mtoto wa miaka kumi alimweleza daktari maumivu ya kiuno cha jirani mtu mzima asiyejua Kiingereza, tena kwa maneno ya heshima. Watoto wa leo ukiwaambia watoke nje wakacheze wanauliza kama huko kuna intaneti.

Mimi utoto wangu uliisha mapema kidogo. Baba alifariki tukiwa kambini, ukimbizini, Mama akamfuata kabla hatujapanda ndege ya kuja huku. Kila tulipotoka mahali Mama alikuwa akisema, "Dafroza, hesabu vichwa." Nikabaki na vichwa viwili vya kuhesabu. Nilipotimiza miaka kumi na minane niliacha shule, nikaenda kufua mashuka kwenye hoteli moja ya Irving, karibu na uwanja wa ndege. Sikulia. Usingizi ulikuwa hautoshi, na kulia kunahitaji muda.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya maghorofa, kulikuwa na kituo cha urafiki cha wenyeji wa asili wa nchi hii. Tuliingia mara ya kwanza kwa sababu ya harufu. Kila Jumamosi walikaanga mkate mpana kama sahani, wakaumwagia asali. Yolanda alionja akatangaza, "Bibi, hili ni andazi." Bibi Wanda akajibu bila kugeuka, "Andazi lenu ni mkate wetu uliokonda." Ubishi huo haukuisha miaka yote, na ushahidi tuliula kila wiki. Wanawake walishona shali za kuchezea ngoma, wasichana wakatunga shanga, watoto wakafundishwa kukanyaga sakafu kwa mdundo. Bibi Wanda alituambia kwamba wazazi wake walitolewa Oklahoma, serikali ikawapa tiketi ya basi na ahadi ya kazi Dallas.

"Kumbe na ninyi mliletwa!" Evariste akasema.

Bibi Wanda alicheka mpaka miwani ikadondoka kwenye unga.

Kila mwaka, hali ya hewa ikianza kupata joto, kituo kilifanya siku ya kuwaenzi wanawake. Familia inaandika jina la mwanamke wake kwenye fomu. Siku yenyewe anaitwa katikati, ngoma inapigwa, anazunguka ukumbi polepole, na wote wanaoona anastahili wanainuka na kutembea nyuma yake. Evariste, bila kuniambia, akaandika jina langu. Fomu ilitaja pia zawadi. Aliisoma kwa macho ya kwetu, ambako anayesherehekewa ndiye anayepewa, akamnong'oneza Yolanda kwamba tutarudi nyumbani na mablanketi.

Jumamosi hiyohiyo Shangazi Konsolata alikuja kumchukua Yolanda akaishi naye. Hakuwa mtu mbaya, mniamini. Alikuwa na nyumba yenye ngazi ndani, kazi nzuri ya kuhudumia wagonjwa, na msimamo mmoja: "Mtoto halei mtoto." Wiki nzima alikuwa akinirudia hilo kwa simu. Alifika na katoni ya dagaa wa Tanganyika waliofungwa kwenye pakiti, na unga wa muhogo, "ili ninyi wawili msife njaa." Ninyi wawili! Begi la Yolanda lilikuwa tayari kwenye buti, kando ya chakula ambacho hatukuwa tumekishusha. Yolanda akagoma kuondoka kabla ya ngoma. Shangazi akakubali, "Nusu saa tu. Barabara ya Houston hainisubiri."

Nilitoka zamu moja kwa moja hadi kituoni, na viatu vya kazini, nikashangaa kusikia jina langu kwenye kipaza sauti. Evariste na Yolanda walinivuta hadi katikati wakicheka kama walioiba. Yule mzee wa kofia akasema maneno mazuri juu yangu, sijui nani alimweleza. Kisha akasema, "Sasa, kama ilivyo desturi, familia ya anayeenziwa itawapa wageni zawadi."

Watu wakageuka kututazama.

"Dada," Yolanda akaninong'oneza, "si wao ndio wanatupa sisi?"

Nikamtazama Evariste. Midomo yake ilikuwa imekauka. Hapo nikaelewa kila kitu, pamoja na Shangazi aliyeketi mstari wa mbele, mkoba magotini, ananitazama kama mtu aliyeshinda kesi bila kufungua mdomo. Nikitoka pale mikono mitupu mbele ya watu wote, ningemzuiaje asiondoke na mtoto?

Ufunguo wa gari alikuwa nao Evariste, kwa kuwa ndiye aliyepakia begi. "Kalete dagaa," nikamwambia. "Na unga."

"Dada, hicho ni chakula chetu cha mwezi!"

"Kimbia."

Tulianza na wazee, kama Bibi Wanda alivyotuonyesha kwa kidole kutoka mlango wa jikoni. Mzee wa kofia aliinua pakiti yake kwenye taa. "Hawa wananitazama," akasema kwenye kipaza sauti. "Nikifika nyumbani na hii, paka ataniheshimu kuliko mke wangu." Ukumbi ukaangua kicheko.

Shangazi alikwisha kusimama. "Wewe Dafroza! Dagaa wangu? Dagaa niliokuletea mimi?" Alikuwa anakuja kwangu kwa hatua za kupiga mtu. Njiani akamwona bibi mmoja amefungua pakiti, ametia dagaa mzima mdomoni, anatafuna kwa adabu huku macho yakimtoka. Shangazi akasahau ugomvi. "Hapana, mama, hapana! Vichwa kwanza!" Akampokonya mzee kipaza sauti, akaufundisha ukumbi mzima: toa kichwa, osha kwa maji ya moto, kaanga na kitunguu mpaka walie, ndipo nyanya.

"Na macho?" mzee akauliza.

"Macho yanaondoka na kichwa! Wewe mzee husikilizi?"

Dagaa waliisha, unga ukaisha, na wapiga ngoma walikuwa bado hawajapata kitu, wala wanawake wa jikoni. Nilisimama nikitazama mikono yangu. Bibi Wanda akatoka na kikapu cha nguo kimejaa mataulo mapya, vikombe na mablanketi mawili, akakitua miguuni pangu kana kwamba nilikisahau jikoni.

"Bibi, nitakulipa," nikamwambia polepole.

"Mimi? Nina mataulo mengi mno. Siku moja utamwona mtu amesimama kama wewe sasa, hana kitu. Huyo ndiye wa kumlipa."

Tukagawa. Ngoma ikaanza, nikatembea. Wadogo zangu nyuma yangu, Bibi Wanda na aproni yake, yule bibi bado anatafuna, kisha watu wengi nisiowajua. Shangazi alikuwa amerudi kitini na mkoba wake. Nilizunguka nikijilazimisha nisimtazame. Mzunguko ulikuwa karibu kufika mwisho niliposikia viatu vya visigino virefu vikigonga sakafu huko nyuma, nje kabisa ya mdundo.

"Miguu ilikuwa imekufa ganzi," Shangazi alisema baadaye. "Nilikuwa najinyoosha."

Nje alifungua buti. Halikuwa na kitu ila begi la Yolanda. Akalitoa, akaliweka chini mbele yangu. "Na mtakula nini?"

"Sijui, Shangazi. Lakini tutakula watatu."

Akavuta pumzi. "Jumamosi ijayo nakuja na katoni mbili. Moja gaweni mkitaka wazimu wenu. Nyingine ukiigusa, nakuchukua wewe." Akawasha gari. Nikahesabu vichwa, vilikuwa viwili.

Mwaka 2020 ugonjwa ulipokuja, kituo kilifunga milango na siku ya wanawake haikufanyika. Bibi Wanda alihamia kwa binti yake huko Oklahoma kabla sijampata mtu aliyesimama hana kitu, nimlipe deni lile. Siku hizi sherehe zetu ni nyingi na nzuri. Vijana wanatuma orodha ya zawadi wanazotaka kwa simu, pamoja na rangi. Yolanda, ambaye sasa ananipita urefu, ananiambia, "Dada, just send somebody money, mtumie mtu hela tu, yaishe." Hajui kwamba kila harusi na kila mahafali ya Kirundi kuanzia hapa hadi Fort Worth ninakwenda na kikapu kwenye buti: mataulo, vikombe, mablanketi mawili. Ninakaa nyuma nikitazama mikono ya watu. Enzi zetu shida ya mtu ilionekana, ilisimama katikati ya ukumbi na viatu vya kazini. Leo kila mtu ana kila kitu, au amejifunza kuficha asichonacho. Narudi nyumbani na kikapu kimejaa vilevile, bado nadaiwa.