Chui wa Sista Lusia

Hadi leo nikisikia harufu ya mti wa muhugu uliotoka kuchongwa, mikono yangu hujificha yenyewe nyuma ya mgongo, kama ya mtoto aliyefanya kosa. Acha nikueleze kosa lenyewe.

Baba alikuwa mchongaji. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akajenga kibanda Voi kando ya barabara ya Mombasa, na kazi yake ilikuwa ndovu: ndovu wakubwa, ndovu wadogo, wote wakitazama upande mmoja kama wanaosubiri basi. Siku moja Sista Lusia, aliyetufundisha shuleni, akaja na kitu kilichofungwa kwa leso. Yeye alikuwa Mmaya, kutoka milima ya Guatemala, ng'ambo ya bahari. Ndani ya leso mlikuwa na chui wa kwao wa mti, mnene, mwenye meno ya kuchekesha na madoa mekundu. Babake ndiye aliyemchonga. Sasa mchwa wa Voi walikuwa wamemla miguu na nusu ya tumbo.

"Niachie, Sista," Baba akasema. "Nitakuchongea mwingine nikimwangalia huyu."

Siku mbili baadaye nikatumwa kuwasha jiko la chai. Nilizoa vipande vya mti vilivyokuwa chini ya meza, nikavitia motoni bila kutazama. Niliposhtuka, rangi nyekundu ya yule chui ilikuwa ikitoka povu.

Baba hakunipiga. Alinishika mkono, tukatembea hadi nyumba ya masista. Pale mlangoni akaniambia, "Sema mwenyewe, Mwende."

Nikasema. Sista Lusia aliketi kwenye ngazi akajifunika uso, muda mrefu mpaka nikatamani anichape. Ndipo Baba akamwambia, "Sista, picha yake sina. Utakuja unieleze alivyokuwa?"

Akawa anakuja kila alasiri baada ya shule. Aliketi juu ya gogo, Baba akichonga, mimi nikipiga msasa.

"Mgongo ulikuwaje?" Baba aliuliza.

Sista alieleza mgongo, kisha akaeleza jinsi babake alivyopiga mluzi akichonga, na mahindi waliyochoma pamoja, na mazishi ambayo hakuweza kufika. Kesho yake Baba akauliza tena, "Hebu Sista, ule mgongo ulikuwaje?" Nilimwonea aibu. Nilidhani ameanza kuzeeka.

Chui alipokamilika, Sista alimpapasa kutoka kichwa hadi mkia, akacheka huku machozi yakimtoka. "Uso huu ni wa Tsavo," akasema. "Lakini mgongo ni wa baba yangu." Akaondoka amembeba kifuani.

Siku hizi nami nachonga. Kitu nikikigeuza mkononi mara moja, vidole havikisahau tena. Baba alijua ule mgongo tangu siku ya kwanza. Ila Voi nzima hakukuwa na aliyewahi kumuuliza Sista habari za babake, na Baba, ambaye maneno ya kufariji yalimshinda kabisa, alikuwa amepata njia ya kumuuliza.