Mkwe na Kamera Yake

Mukhisa hakuwa mtu wa kujishusha. Ukimuuliza kama anajua kupiga picha, alikujibu kwamba anajua, tena vizuri, kisha akakutolea simu uone mwenyewe. Kazi yake ya mchana ilikuwa kupima unyevu wa mahindi katika ghala moja la nafaka mjini Kitale. Mkulima angeshuka na magunia yake kutoka Saboti, amejaa matumaini, naye Mukhisa angechota punje, aziweke kwenye kipimo, kisha aseme bila kumung'unya maneno: "Mzee, hii bado. Rudi uanike." Wengine walimnunia, wengine walimtukana hadi getini, lakini msimu uliofuata walirudi kwake, kwa sababu mahindi aliyoyapitisha Mukhisa hayakushika ukungu.

Hapo ndipo ilipokuwa kero yake. Yeye aliyewaambia watu ukweli kutwa nzima hakupata hata mmoja wa kumwambia. Tangu anunue kamera ya mtumba, kila wikendi ilikuwa shingoni mwake: arusi, sherehe za kanisa, harambee, Mlima Elgon asubuhi ukiwa umejifunika wingu. Akituma picha kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, alijibiwa kwa makofi na vibonzo vya moto. Kipsang, mwenzake wa ghalani, hata kutazama hakutazama sawasawa. "Bana, wewe ni noma," alisema huku anatafuna andazi. Mzee wa kanisa naye alimwombea. Sasa mtu akiombewa kwa ajili ya picha, atajuaje kama ni nzuri?

Siku nyingine angeyaacha yapite, lakini safari hii alihitaji jibu. Mama mkwe wake, Mama Nakhumicha wa Lugulu, alikuwa ametoka kumzika dada yake kule Bokoli, na alirudi na hasira kuliko huzuni. Picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka ikapauka. Marehemu, mama wa watu aliyependa utani, alionekana kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Mama Nakhumicha, ambaye miaka themanini ilikuwa inambishia hodi, akatangaza kwamba yeye hatazikwa na kitambulisho. Apigwe picha ya maana angali na meno yake. Na Edah, mke wa Mukhisa, akajibu hapo hapo mbele ya dada zake kwamba mpiga picha yuko, tena ni mkwe wa boma hilo.

"Umeniweka pabaya, Mama Tonny," Mukhisa alimwambia mkewe walipokuwa wakila.

"Si ni wewe husema unajua?"

"Najua. Lakini ni nani mwingine ameshasema?"

Edah akacheka, akamwongezea mboga. Mukhisa hakucheka. Aliwaza umati mzima wa Lugulu umesimama kaburini, kila mtu ameshika kijitabu cha ibada, na kwenye jalada picha mbovu aliyoipiga yeye. Picha ya namna hiyo huwezi kuirudia.

Basi siku ya pili yake alibeba bahasha ya picha alizozipenda kuliko zote, akaenda studio kwa Chelagat. Mama huyu alikuwa amepiga nusu ya arusi za Kitale, na mdomo wake ulijulikana. Bibi arusi mmoja aliwahi kulia mbele yake, Chelagat akamwambia anyamaze kwanza, poda inatiririka.

"Sitaki unipake mafuta," Mukhisa alianza. "Niambie ukweli kama vile mimi huambia watu wa mahindi."

"Wewe ndiye yule wa ghala?" Chelagat akamkazia macho. "Ulirudisha mahindi ya bwanangu."

"Yalikuwa mabichi."

"Yalikuwa mabichi kweli," akakubali, akavuta bahasha.

Alizitandaza juu ya meza ya vioo, akazigawa mafungu mawili haraka haraka. Katika fungu la kwanza aliweka mlima, ng'ombe, mashamba na mvua ikija kutoka Saboti. Katika la pili aliweka watu wote. Akagonga fungu la kwanza kwa kidole.

"Hizi ni nzuri. Sio nzuri ya kuambia mtu ili aende. Ni nzuri." Mukhisa akanyoosha mgongo. "Hizi zingine, hapana. Angalia. Mlima unauangalia usoni. Ng'ombe, usoni. Binadamu unamchungulia. Huyu umempiga mgongo, huyu umempiga sikio, hawa wako mbali ni kama wamekuibia kitu wanatoroka. Nani alikukataza kukaribia watu?"

Maneno yalimwingia. Alitaka kubisha, akaokota picha moja baada ya nyingine akitafuta ya kumshinda nayo mama huyu, asiipate. Zote zilikuwa za mbali, na nyingi alizipigia Lugulu. Ndipo akajua. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawazoeani: hawapeani mikono, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Mukhisa alikuwa amejifunzia upigaji picha kwenye sherehe za ukweni, na ukweni nafasi yake ilikuwa pembeni, karibu na seng'enge, ambako angeweza kukwepa haraka mama mkwe akitokea. Mwili ukazoea. Hata akienda kwenye arusi ya watu asiowajua, miguu ilimpeleka penye ua yenyewe.

Alimweleza Chelagat, na kwa mara ya kwanza mama huyo akacheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Hata kwetu kuna heshima, lakini wewe umeipelekea nchi nzima," akasema. "Haya. Ukitaka kupiga mtu, sogea mpaka usikie aibu. Halafu sogea tena."

"Na kama huyo mtu ni mama mkwe?"

Chelagat akaacha kucheka. "Hapo sijui. Nikuendee mimi?"

"Amekataa mgeni." Mukhisa akazikusanya picha zake. "Nitampiga mimi." Alitoka amechomwa, ndiyo, lakini kichwa kiko juu. Zile za mlima zilikuwa nzuri, na aliyesema ni mtu asiyejua kudanganya.

Jumamosi walifika Lugulu. Mama Nakhumicha alikuwa amevaa gauni la kitenge na kitambaa kipya kichwani, ameketi kitini mbele ya ukuta wa jikoni, mwanga ukimwangukia vizuri upande mmoja. Mukhisa alipofika kwenye seng'enge, miguu ikagoma. Akainua kamera akiwa huko huko. Edah alisimama katikati, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

"Mama, anasema uinue kidevu kidogo."

"Mwambie asongee karibu. Akiwa kule anapiga mimi ama anapiga boma?"

"Mama, si ni heshima?"

Mama Nakhumicha akampima mkwe wake kwa jicho la pembeni. "Hiyo kamela imefunika uso yake yote," akasema. "Mimi sioni macho ya mtu hapo. Naona tu kamela. Kamela ikuje. Akiitoa kwa uso, hapo ndio arudi kwa seng'enge."

Edah aliziba mdomo kwa leso. Mukhisa, aliyewarudishia wazee wa Saboti mahindi yao bila kupepesa macho, alitazama kwanza kama kuna pa kukwepea. Kisha akaigandamiza kamera usoni na kuanza kwenda. Hakuthubutu kuishusha hata aone njia. Alimtimua kuku, akakanyaga beseni la maji ya vyombo, kiatu kikajaa, akaendelea. Alisogea mpaka akasikia aibu. Akasogea tena. Sasa uso wa Mama Nakhumicha ulijaza kioo chote, na katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuuona hivyo. Aliona kovu dogo juu ya nyusi. Aliona kwamba Edah aliyachukua macho yake hapa.

"Kamela," mama akaita kwa sauti ya kumwita mgeni, "habari ya Kitale?"

Mukhisa akajibu kutoka nyuma ya kamera: "Nzuri, Mama."

"Na huyo bwana anakubeba, anakulisha?"

Mukhisa alicheka mpaka kamera ikatikisika, na mama, kwa kuona kamera inacheka, akashindwa kujizuia naye. Mabega yakapanda, macho yakafinywa, mkono ukaruka kutaka kuziba mdomo, haukuwahi kufika. Hapo Mukhisa akabonyeza.

Chelagat ndiye aliyeisafisha, kwenye karatasi kubwa. Aliitazama ikitoka mashineni, akaipunguza kingo pole pole, mpaka Mukhisa akakosa subira.

"Eeh? Sema."

"Hii si yangu kusema," Chelagat akajibu. "Pelekea mwenyewe."

Akaipeleka. Edah aliingia nayo ndani, Mukhisa akabaki nje, ameketi kwenye kigoda upande wa pili wa mlango, mahali pa mkwe. Alisikia karatasi ikifunguliwa. Mukhisa, mtu asiyejishusha, akajikuta ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Lakini moyoni alijua. Hata wakisema mbaya, hii ni nzuri, na atawaambia hivyo hivyo.

"Baba Tonny." Mama Nakhumicha hakumpitishia Edah maneno safari hii. Aliongea moja kwa moja, ukuta ukiwa katikati yao.

"Naam, Mama."

"Si unataka ukweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Hii haifai mazishi. Watu watakuja hapa kulia, waone mimi nacheka hivi, nao wacheke. Nani atanililia? Hii ni ya mtu ako hai." Akasogeza kiti ndani, na sauti yake ikatokea juu kidogo, kama ya mtu aliyesimama kando ya ukuta. "Edah, leta nyundo, tuweke hapa. Na wewe mkwe, ile ya mazishi utakuja kunipiga nikizeeka."